Umenyimwa mafao ya ulemavu Marekani? Namna ya kujiandaa kukaa mbele ya jaji wa Social Security

Simu hii naipokea karibu kila mwezi, na huanza vilevile: "Wamenikataa tena, sasa wananipeleka kwa jaji. Nimefanya kosa gani?"

Hujafanya kosa. Jaji anayetajwa kwenye barua uliyoandikiwa na Social Security, idara ya serikali inayolipa mafao haya, hafungi mtu, hahusiki na uhamiaji, na ndani ya chumba hakuna wakili wa serikali anayekushtaki. Kazi yake ni kuangalia ombi lako upya, tangu mwanzo, kana kwamba hakuna aliyeamua kabla yake. Tena kwa wengi hii ndiyo nafasi pekee ya kuongea na mtu mwenye kuamua. Waliokukataa mara mbili za kwanza walisoma karatasi tu.

Mimi si wakili. Nimewasindikiza watu wetu kwenye vikao hivi, wengi wao wametoka Kivu na Burundi wakapitia kambi za Tanzania, na nimechoka kueleza jambo lilelile kwa simu saa tano za usiku. Haya hapa, kwa mpangilio. Ni kwa mtu mzima; kesi za watoto zina kanuni zake.

KWANZA UJUE UNAOMBA NINI

Kuna mifuko miwili. SSDI ni ya mtu aliyefanya kazi Marekani na kukatwa kodi ya Social Security muda wa kutosha. SSI ni ya mwenye kipato kidogo na mali isiyozidi dola 2,000 akiwa peke yake, au 3,000 kwa mume na mke. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha SSI ya serikali kuu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Aliyeingia kama mkimbizi anaweza kupata SSI kwa miaka 7 tangu apewe hadhi hiyo. Akishapata uraia kikomo hicho hakimgusi tena. Kwa hiyo shughuli ya uraia isisubiri kesi iishe.

Na mzee aliyefikisha miaka 65 haulizwi ulemavu kwenye SSI, anaulizwa umri na kipato. Nimekutana na mzee wa miaka 66 aliyekuwa bado anahangaika kukusanya picha za mgongo. Hakuna aliyemwambia.

Ngazi ziko hivi: ombi la kwanza, kuangaliwa upya, jaji, Baraza la Rufaa, kisha mahakama ya serikali kuu. Mwongozo huu unahusu ngazi ya tatu.

Kinachotafutwa kwenye mifuko yote miwili ni kimoja: je, ugonjwa wako, uliodumu au utakaodumu angalau miezi 12, au unaotarajiwa kuleta kifo, unakuzuia kufanya kazi yoyote ya saa 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki? Hakuna anayepinga kwamba unaumwa. Swali ni mwili na akili yako vinaweza kufanya nini, kwa muda gani, mara ngapi. Ukilishika hilo, mengine yote hapa chini yataeleweka.

UWE NA HIVI KABLA HUJAANZA

- Barua zote za kukataliwa, hata zile ulizozikunja kwa hasira.
- Kitambulisho chenye picha.
- Orodha ya kila kliniki, hospitali na mshauri wa afya ya akili uliyemwona, na mwezi uliokwenda. Usiache ile kliniki ya wiki zako za kwanza Marekani.
- Chupa za dawa zenyewe. Usitegemee kukumbuka majina.
- Kazi zote za miaka 5 iliyopita: ulisimama saa ngapi, ulibeba uzito gani.
- Daftari la bei rahisi na kalamu.
- Anwani na simu isiyobadilika. Kama unahamahama, tumia anwani ya ndugu anayefungua barua siku zinapofika.
- Mtu mmoja anayekuona nyumbani kila siku: binti, jirani, mtu wa kanisani au msikitini.

HATUA

1. Hesabu siku zako leo.

Una siku 60 tangu upokee barua ya kukataliwa. Wao huchukulia kwamba barua imekufikia siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake, kwa hiyo hesabu 65 kutoka tarehe hiyo. Fomu ya kuomba kikao ni HA-501. Huenda pamoja na SSA-3441, ambamo unaeleza kilichobadilika tangu ukataliwe, na SSA-827 inayoruhusu hospitali kutoa rekodi zako. Unaweza kuzijaza kwenye tovuti ya Social Security, kuzipeleka ofisini au kupiga 1-800-772-1213. Ukipeleka kwa mkono, usitoke dirishani bila nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe.

Kosa kubwa hapa: watu huacha siku zipite, kisha wanafungua ombi jipya wakidhani ni sawa. Si sawa. Ombi jipya linakurudisha foleni ya mwanzo, na malimbikizo ya miezi yote iliyopita yanaweza kukupotea.

2. Tafuta mwakilishi.

Anaweza kuwa wakili, au mtu asiye wakili anayefanya kazi hizi. Utaratibu wa kawaida ni kwamba hulipi kitu mpaka ushinde. Ukishinda, anachukua asilimia 25 ya malimbikizo yako, na isizidi kikomo cha Social Security, ambacho mwishoni mwa Novemba 2024 kiliwekwa kuwa dola 9,200. Fedha hiyo lazima iidhinishwe na Social Security wenyewe. Gharama ndogo kama za kunakili rekodi zinaweza kudaiwa mbali, kwa hiyo uliza mapema. Ofisi za msaada wa kisheria za bure zipo katika kila jimbo, anza hapo.

Anayekudai fedha mkononi kabla ya kufanya chochote, au anayekuambia "namjua mtu huko ndani", muage kwa heshima uondoke.

Mpe mwakilishi muda. Ukimtafuta wiki moja kabla ya kikao, wengi watakataa.

3. Omba mkalimani, na utaje Kiswahili chako.

Mkalimani ni haki yako na hulipii. Usimtumie mwanao. Kuna mambo ya vita ambayo mama hawezi kuyatamka mbele ya mtoto aliyemzaa, na jaji akiona kimya hatajua sababu yake.

Kuandika "Kiswahili" peke yake hakutoshi. Kiswahili cha Uvira na Fizi si cha Mombasa wala Zanzibar. Nimeona kikao kikisimama kwa neno "butumwa". Mama alikuwa akisimulia walivyomtuma kazini, mkalimani wa Pwani akasikia utumwa, na jaji akataka kujua alifanywa mtumwa wapi. Andika: "Kiswahili cha Kongo". Na kama unaota na kulia kwa Kibembe, Kinyamulenge, Kirundi au Kizigua, omba hicho. Hakuna tuzo kwa kujikaza na lugha ya pili.

4. Soma faili lako kabla jaji hajalisoma.

Mwombe mwakilishi akuoneshe, au ukiwa huna, iombe ofisi ya vikao. Rekodi za matibabu hukaa kwenye sehemu ya F: 1F, 2F na kuendelea. Tafuta vitu viwili. Kwanza, kliniki ipi haimo kabisa. Pili, ile fomu ndefu iliyouliza kama unapika, unafua, unakwenda dukani, unakwenda kanisani. Mara nyingi iliandikwa na keswoka, yule mhudumu wa shirika anayewasaidia wakimbizi, kwa dakika kumi, wiki za mwanzo, na wewe ukaweka sahihi. Kama imeandikwa "anapika kila siku", jaji atakuuliza. Heri ujue sasa kuliko kushtukia ukiwa umeapishwa.

5. Acha kumjibu daktari "nzuri".

Hapa ndipo kesi zetu nyingi hufia, muda mrefu kabla ya kikao.

Daktari anaingia, anauliza hali. Mama ambaye amepanda ngazi kwa kushika ukuta anajibu tulivyofunzwa wote: "Nzuri, nashukuru Mungu." Mkalimani wa simu anatafsiri. Daktari anaandika kwenye kompyuta: mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Mwaka mmoja baadaye, sentensi hiyo iko mezani kwa jaji, na mama anaapa kwamba halali usiku. Jaji afanyeje? Kwake salamu haina maana ya adabu, ni maelezo ya hali.

Toa salamu, ila usiikatie hapo: "Nashukuru, lakini tangu Jumatatu mgongo haujaniacha nilale zaidi ya saa mbili mfululizo." Kila ziara, kila daktari, hata kama umekwenda kwa jino.

Usiruke miadi. Ukishindwa kwenda kwa sababu ya usafiri au bima, piga simu useme hivyo, iandikwe. Pengo la miezi minane bila matibabu husomeka kama umepona. Na wakikupangia uchunguzi kwa daktari wao, wanaoulipia wenyewe, usiukose kwa vyovyote. Kutofika peke yake kunaweza kukuangusha.

6. Mwombe daktari vipimo, si hukumu.

Watu huja na karatasi ya mstari mmoja: "Mgonjwa huyu hawezi kufanya kazi." Wanaishika kama hati ya shamba. Kwa maombi yaliyowasilishwa tangu tarehe 27 Machi 2017, sentensi hiyo haina uzito, maana kuamua nani hawezi kazi ni kazi ya Social Security, si ya daktari.

Daktari aandike haya: anaweza kukaa dakika ngapi kabla ya kulazimika kusimama, kusimama kwa saa ngapi katika 8, kuinua paundi ngapi, kutumia vidole kwa muda gani, anahitaji fimbo au la, atakosa kazi siku ngapi kwa mwezi. Kwa magonjwa ya akili: anaweza kufuatilia jambo kwa muda gani, anavumilia watu kiasi gani. Na kila jibu liambatane na sababu: picha gani, kipimo gani, alichoona mwenyewe.

7. Fungua daftari.

Kila jioni andika mistari mitatu. Si shairi la mateso, ni vipimo. "Leo nimesimama kusonga ugali wa watu wanne, nimekaa mara mbili kabla haujaiva, mwisho binti kamalizia." "Nimetembea mpaka kituo cha basi, nimepumzika kwenye ukuta wa duka." "Dawa imenilaza kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa saba."

Jifunze pia uzito wa vitu vya nyumbani, kwa sababu sisi tunapima kwa kilo na wao kwa paundi. Galoni ya maziwa ni kama paundi 8 na nusu, karibu kilo 4. Paundi 20 ni kilo 9, ule mfuko wa mchele wa kati.

8. Barua ya kikao ikifika.

Utajulishwa angalau siku 75 kabla. Ndani kuna karatasi ya kukiri kwamba umeipata, ijaze uirudishe. Kikao kinaweza kuwa kwa simu, kwa video au ofisini. Kama hutaki simu au video, pinga kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu ujulishwe. Ushauri wangu: kama ugonjwa wako unaonekana kwa macho, mkono unaotetemeka, fimbo, kushindwa kutulia kitini, nenda ana kwa ana. Simu haioni kitu. Ukisafiri zaidi ya maili 75 unaweza kurudishiwa nauli.

Ushahidi wote uwe umefika siku 5 za kazi kabla ya kikao. Kama rekodi fulani haijapatikana, andika barua kabla ya siku hizo kuisha ukieleza ni ya kliniki gani na ya tarehe zipi. Ukishataja kwa wakati, jaji ataipokea hata ikichelewa.

9. Siku yenyewe.

Usitarajie mahakama ya kwenye televisheni. Ni chumba kama cha mkutano: jaji, mtu wa kurekodi, wewe, mwakilishi, mkalimani, na mara nyingi mtaalamu wa kazi, ambaye siku hizi huwa kwenye simu. Mara chache kuna daktari mshauri. Umma hauruhusiwi. Utaapishwa. Kwa kawaida ni saa moja hivi. Kwa mkalimani huwa zaidi.

Vaa kawaida, safi. Mwenye fimbo aje na fimbo, asiye nayo asiazime. Usitie chumvi hata kidogo. Ukisema huwezi kabisa kuinua mkono halafu ukaunyanyua kuapa, kesi imekwisha.

Jaji atauliza umri, elimu, kazi za nyuma, matibabu, na siku yako inavyokwenda. Sikiliza kipande hiki nilichokishuhudia:

"Unaweza kubeba uzito gani?"
"Kidogo tu, mheshimiwa."
"Kidogo ni kiasi gani?"
"Vitu vidogo vidogo."

Jaji akasonga mbele bila kuandika kitu. Baadaye mwakilishi akauliza: "Mkirudi dukani, nani anabeba galoni ya maziwa?" Mama akacheka. "Galoni! Mkono wa kulia inaniponyoka. Naikumbatia kwa mikono miwili, na ni kutoka kwenye friji mpaka mezani, basi. Mwaka jana nilimwaga sakafu nzima." Kalamu ya jaji ikaanza kukimbia.

Jibu lolote lenye neno "kidogo", "sana" au "siku nyingine", lifuatishe na namba.

Ukiulizwa kama unakwenda kanisani au msikitini, sema kweli yote: "Nakwenda Jumapili mbili kwa mwezi, nakaa kiti cha nyuma nipate kusimama, kwaya niliacha." Anayekana kabisa huku picha zake za harusi zimejaa Facebook anajichimbia.

Sasa maneno yanayopotea njiani, hata kwa mkalimani mzuri:

Saa. Ukisema "naamka saa tisa usiku", mkalimani aliyechoka husema nine, na jaji anasikia saa tatu usiku. Malizia: "saa tisa usiku, yaani saa tatu zimepita tangu usiku wa manane".

Ndiyo. Jaji akiuliza "Hufanyi kazi sasa?" nasi tukajibu "Ndiyo", tunamaanisha ndiyo, sifanyi. Kwa Kiingereza imegeuka kuwa nafanya. Jibu kwa sentensi nzima: "Sifanyi kazi."

Mawazo. "Nina mawazo mengi" ikitafsiriwa neno kwa neno ni mtu mwenye fikra nyingi, pengine mwanafalsafa. Eleza: silali, nalia, sitaki kuona watu, nasahau jiko likiwaka.

Mkono na mguu. Onesha ni kiganja, kiwiko au bega. Unyayo, goti au paja, kisha ulitaje kwa mdomo, kwa sababu kinasa sauti hakioni kidole chako. Hakioni pia kichwa kikitikiswa.

Hawezi. Shahidi wa Pwani akisema "mama hawezi tangu Ramadhani", anasema mama mgonjwa. Mkalimani asiyejua atasubiri: hawezi nini?

Ongea vipande vifupi, mwangalie jaji, na ukisikia tafsiri imekwenda kombo inua mkono useme palepale. Baada ya kikao ni vigumu kurekebisha.

10. Mtaalamu wa kazi.

Sehemu hii huwatisha watu bure. Jaji humwambia: "Chukulia mtu wa umri, elimu na kazi za mwombaji huyu, anayeweza kuinua paundi 20 mara chache na 10 mara nyingi, kusimama saa 6 kati ya 8. Kuna kazi?" Mtaalamu anajibu, "Zipo," anataja tatu, na mwombaji anatoka akilia kwamba ameshindwa.

Hajashindwa. Hayo ni maswali ya "chukulia", na jaji huuliza kadhaa, kila moja likiongeza vizuizi. Uamuzi unategemea ni mtu yupi kati ya hao anayefanana na wewe wa kwenye rekodi. Ndiyo maana mwakilishi naye anauliza: na kama mtu huyo atakosa kazi siku 2 kila mwezi? Kama muda wake wa kutotulia kwenye kazi ni asilimia 15? Kama lazima alale chini saa moja mchana? Mara nyingi hapo ndipo jibu linakuwa "hakuna kazi". Usipokuwa na mwakilishi, uliza mwenyewe; unaruhusiwa.

Kwa taarifa yako, orodha ya kazi wanayoitegemea mpaka leo ni kamusi ya Idara ya Kazi ambayo mara ya mwisho ilirekebishwa mwaka 1991. Uliza kazi hiyo ipo wapi siku hizi.

Viwango vya uzito: kazi ya kukaa ni paundi 10, nyepesi 20, ya wastani 50, nzito 100. Kiwanda cha nyama au ghala, ambako wengi wetu tumeachia migongo yetu, mara nyingi ni wastani au nzito. Tangu 22 Juni 2024 wanaangalia kazi za miaka 5 ya nyuma tu, badala ya 15 kama zamani, na kazi isiyofika siku 30 haihesabiwi. Kilimo cha kambini miaka kumi iliyopita hakikuhusu.

Umri nao una jedwali lake. Aliyefika miaka 50, kazi yake ilikuwa isiyohitaji ujuzi, shule hakufika mbali, na sasa anaweza kazi ya kukaa tu, kanuni humwelekeza jaji kumkubali. Kwa wa miaka 55, hata akiweza kazi nyepesi, mlango ni uleule. Zamani kutojua Kiingereza kulimsaidia mtu wa miaka 45 hadi 49. Kuanzia 27 Aprili 2020 kuliondolewa. Kilichobaki ni kutojua kusoma wala kuandika katika lugha yoyote. Kama hukuwahi kwenda shule, sema wazi, usione haya. Nimemwona baba wa miaka 47 akisema "nimesoma kidogo" kwa kulinda heshima, kumbe hawezi kuandika jina la mtaa wake.

11. Ukitoka.

Uamuzi huja kwa barua, baada ya wiki kadhaa au miezi. Kuna kukubaliwa kabisa, kukubaliwa nusu, na kukataliwa. Kukubaliwa nusu mara nyingi ni kwamba jaji amesogeza mbele tarehe ya kuanza ulemavu, kwa hiyo malimbikizo yanapungua. Kabla hujakata rufaa kwa sababu hiyo, zungumza na wakili: Baraza la Rufaa linaweza kufungua uamuzi wote, pamoja na ile nusu uliyoshinda.

Ukishinda SSI, ofisi ya mtaa itakuita kuangalia kipato na mali. Malimbikizo makubwa hutolewa kwa awamu hadi tatu, miezi 6 kati ya moja na nyingine, na hayahesabiwi kama mali yako kwa miezi 9 tangu uyapokee. Weka risiti.

Ukikataliwa, siku ni 60 zilezile kwenda Baraza la Rufaa, kwa fomu HA-520.

MAMBO YAKIKWAMA

Siku 60 zimepita. Peleka rufaa hivyohivyo, na barua ya kueleza sababu. Ugonjwa mzito, msiba, barua kutofika, vyote vinakubalika. Na kanuni zinataja wazi kutojua Kiingereza kuwa sababu inayoweza kupokewa.

Umekosa kikao. Utapata barua ya kuuliza kwa nini, na una siku 10 kujibu. Usijibu "nilisahau". Kama gari liliharibika, ambatisha karatasi ya fundi. Kama ulilazwa, karatasi ya hospitali.

Umehama. Ijulishe ofisi ya mtaa na pia ofisi ya vikao. Hizi ni ofisi mbili, na moja kujua hakumaanishi nyingine inajua. Familia moja ninayoifahamu ilipoteza kikao kwa kuamini hivyo.

Umeanza kazi kidogo. Sema. Mwaka 2025 kikomo cha mshahara kwa asiye kipofu kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kabla ya makato. Ukizidisha hapo, kesi huwa inaishia kwenye swali la kwanza, yaani kama unafanya kazi. Chini ya hapo bado unaweza kushinda, ila usiifiche, kwa sababu mishahara wanaiona.

Mkalimani hamwelewani. Mwambie jaji dakika ya kwanza. Kikao kitapangwa upya. Utakasirika kungoja, lakini rekodi mbovu utatembea nayo mpaka mahakamani.

Mwakilishi amejitoa siku chache kabla. Nenda siku hiyo, umwombe jaji akupe muda wa kutafuta mwingine. Mara ya kwanza kwa kawaida hukubali.

Unafukuzwa nyumba, huna chakula wala dawa, au ugonjwa ni wa kufisha. Iandikie ofisi ya vikao ukiomba kesi iharakishwe, na uambatishe ushahidi: notisi ya mwenye nyumba, barua ya benki ya chakula, maelezo ya daktari. Barua isiyo na kiambatisho hurudi kwenye rundo. Na kama rekodi zako tayari zina nguvu za kutosha, mwakilishi anaweza kumwomba jaji aamue kwa karatasi bila kikao. Mama wa galoni ya maziwa alijaribu hivyo kwanza, wakamkatalia, akaenda kukaa kitini.